Pasi ya bibi haipimwi kwa kilo

Ndugu Mhariri, kamwene, na wasomaji wote wa gazeti hili kamweneni. Naomba nafasi leo, sitaki kuongelea siasa wala bei ya mbolea, nataka kuongelea vitu vya zamani vya nyumbani, pasi za mkaa, taa, cherehani, vyungu, vitabu, vile ambavyo huku kwetu Iringa karibu kila nyumba vipo mahali, juu ya dari au nyuma ya jiko au chini ya kitanda cha mzee, na ambavyo sa hivi vinaondoka kwa kasi sana kwenye maguta ya vijana wa chuma chakavu.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi iliyopita. Nafagia uwanja hapa Kihesa, guta likapita, kijana anagonga kipande cha nondo anaita chuma chakavuuu, betri mboovu, masufuria maboovu. Juu ya guta kuna mabati, kuna rimu za baiskeli, na katikati kuna kichwa cha cherehani cheusi kimelala ubavu, yale maua yake ya dhahabu bado yanaonekana chini ya vumbi. Nikaacha ufagio nikamkimbilia. Nikafuta pale pembeni kwa kanga nikaona kibati cha namba, namba inaanza na herufi E ikifuatwa na herufi nyingine, na mtu aliyezoea haya mambo akiona hivyo anajua ni Singer ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, kile kiwanda kikubwa kilichofungwa mwaka 1980. Kijana akaniuliza mama umejuaje, nikamwambia kila cherehani ya Singer ina namba yake na namba inasema ilikozaliwa. Nikamuuliza kainunua shilingi ngapi, akasema mia tano kwa kilo, imepima kilo 12, yani shilingi 6,000. Nikampa 20,000 akaishusha mwenyewe mpaka barazani, na kwa kweli alifurahi na mimi nilifurahi.

Lakini nilivomuuliza imetoka kwa nani akasema kuna nyumba huko Mtwivila mama mwenye nyumba kafariki, watoto wamekuja wakakaa siku nne wakasafisha nyumba wakaondoka. Nikamuuliza huyo mama alikuwa anashona nini, sare za shule, magauni ya harusi, mashuka, alikuwa fundi au alikuwa anashonea wanae tu? Kijana hajui, atajuaje, yeye kapima kilo. Hapo ndo paliponiuma Mhariri. Cherehani ninayo, nimeipaka mafuta ya taa siku mbili halafu mafuta ya cherehani, gurudumu linazunguka laini kabisa, inashona mshono mzuri kuliko mashine nyingi mpya za dukani. Ila ya yule mama sitayajua tena.

Mi nimeanza kukusanya muda mrefu na nilianza na kitu kimoja tu, pasi ya bibi mzaa mama, Njombe. Ni ile pasi ya mkaa yenye jogoo mdogo wa chuma mbele, jogoo ndo komeo lake, ukimzungusha mfuniko unafunguka. Wengi wa umri wangu wanaikumbuka. Ila hii ya bibi ina alama ambayo haipo kwenye pasi nyingine yoyote, kwenye mshikio wa mbao kuna bonde dogo jeusi, mahali kidole gumba chake kilipokaa miaka yote, kwa sababu bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikiishika kwa mkono wa kulia haikai vizuri. Nikiishika kwa kushoto kidole changu kinaingia pale pale.

Na nakumbuka alivyokuwa anaiandaa, anajaza mkaa wa miwati, anatoka nayo nje kwenye ule upepo wa Njombe unaokata masikio, anaibembeza mbele nyuma mbele nyuma mpaka cheche ziruke kwenye vile vitundu vya pembeni, halafu anaipitisha kwenye kitambaa kibichi inalia chwiii, hapo anajua imekolea. Ilikuwa pasi pekee mtaa mzima kwa hiyo Jumamosi jioni watu walikuja na nguo zao za kanisani, hakuna aliyetoa hela, unakuja na mkaa wako kwenye kopo na kama una viazi unaleta viazi. Mjomba anasema siku anaenda kuanza shule ya bweni bibi aliinyoosha ile kaptula yake mara tatu, ya kwanza usiku, ya pili alfajiri, ya tatu alipokuwa ameshaivaa akamwambia vua. Sasa niambieni, hiyo ni kilo ngapi?

Watu wananiuliza raha yake iko wapi, si ni vyuma vya zamani tu. Raha yake ni hii, kwamba kitu cha zamani kinaongea ukijua pa kukitazama, na hauhitaji kuwa na hela nyingi wala kuwa msomi. Taa ya chemli kwa mfano. Kila mtu anadhani chemli ni chemli. Chukua ile taa igeuze, angalia kwenye tangi na kwenye kioo. Mi ninayo moja ya kampuni ya Feuerhand, imeandikwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi, basi hapo hapo umeshajua miaka yake, ni baada ya 1949 na kabla ya 1990, kwa sababu nje ya hapo hakukuwa na nchi inayoitwa hivyo. Kitabu kikiandikwa Tanganyika kama jina la nchi, basi kwa kawaida ni cha kabla ya Aprili 1964. Kitabu cha hesabu kikiuliza Asha ana pishi mbili za mchele kila pishi ni vibaba vinne, au mfanyabiashara ana ratili thelathini za kahawa, unajua hicho ni cha kabla hatujazoea kilo. Bei ikiandikwa Sh. 2/50 kwenye jalada, yani shilingi mbili na senti hamsini, nayo inakupa picha ya miaka yake. Ukizoea unakuwa kama mganga anayesoma ugonjwa kwenye macho, unaingia nyumba ya mtu kwenye msiba au kwenye ugeni macho yanakimbilia kabatini.

Kuna vitu vidogo pia ambavyo watoto wanavipenda. Wanangu walijifunza historia kwa sarafu za 1966 kuliko darasani, senti 5 yenye pembe kumi na mbili, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na hizo zinapatikana mpaka leo kwenye vikopo vya vifungo vya akina bibi.

Sasa vitabu. Hapa naomba nikae kidogo.

Kuna shule moja, siitaji jina na siyo lengo langu kumwaibisha mtu, walipata msaada wa vitabu vipya wakaamua kuondoa vya zamani stoo. Walivyoviondoa ni kwamba walivirundika nyuma ya jiko na wapishi wakawa wanawashia moto. Nilipata habari nimechelewa. Nikaenda, mwalimu wa zamu akaniruhusu nichague vilivyobaki, nikatoka na maboksi mawili. Niliyokuta mle ndani nikiyaeleza yote gazeti halitatosha. Kulikuwa na atlasi ina nchi za Zaire na Volta ya Juu. Kulikuwa na vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wale wakubwa mnakumbuka, watu walikuwa wanakaa kikundi wanaizunguka redio wanasikiliza kipindi, halafu mmoja anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, wanajadiliana, wanakubaliana watafanya nini kijijini kwao. Na cha Chakula ni Uhai cha 1975 nacho kilikuwepo kimoja, hakina jalada.

Basi kwenye kimoja cha Mtu ni Afya kuna mtu ameandika kwa penseli pembeni ya ukurasa unaoeleza kuchimba choo. Mwandiko mkubwa, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima, herufi zimekandamizwa mpaka upande wa pili zinapapaswa kwa kidole. Ameandika futi tatu, chini yake futi sita, chini yake futi tisa, kila moja na tarehe yake, na mwisho kabisa kaandika "kimekwisha" akapiga mstari mara mbili. Mhariri, nilikaa chini pale nyuma ya jiko na masizi yangu nikalia. Huyu mtu alichimba choo anasoma kitabu. Na kitabu kilikuwa kinangoja zamu yake ya kuivisha makande.

Siwalaumu wapishi, kuni ni shida tunajua. Nawaomba walimu na watendaji na makatibu wa makanisa tu, kabla ya kuchoma, itisha mtu mmoja apitie. Huku nyanda za juu tuna bahati ya vitabu vya zamani kwa sababu misheni ziliingia mapema, Wamoravian walifika Rungwe 1891, Wabenediktini na baadaye Wakonsolata walifika Tosamaganga, Walutheri wapo Kidugala na kwingineko, na popote palipokuwa na misheni palikuwa na shule, na palipokuwa na shule karatasi ipo. Katekisimu, vitabu vya nyimbo, daftari za mahudhurio, vitabu vya kilimo cha kahawa. Vingine vipo kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, na hivyo ndo adimu kabisa.

Na kwa mwenye navyo tayari, huku kwetu adui mkubwa ni unyevu, siyo wezi. Ukungu wa Mufindi na Njombe unaingia mpaka ndani ya kabati. Msiweke vitabu vimegusa ukuta, acha nafasi hewa ipite. Vitoe nje siku kavu lakini kivulini, jua kali linavunja karatasi. Msibandike seloteipu hata kama ukurasa umechanika vipi, inageuka kahawia inakula maandishi, mimi niliharibu kitabu kimoja hivyo na mpaka leo nikikifungua roho inauma. Ukitaka kuandika kumbukumbu andika kwa penseli, siyo biki. Mi naweka majani makavu ya mwarobaini kati kati ya safu, mama yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye nguo, na mende sijawaona. Vyombo vya shaba sugua kwa majivu na ndimu, hamna haja ya madawa ya dukani. Na tafadhalini sana msipake rangi! Nimeona chemli nzuri zimetobolewa chini zikapitishwa waya wa umeme zikaning'inizwa kwenye baa, nimeona vigoda vya watu vimepigwa vanishi vinang'aa kama kioo. Kile kigoda kilikuwa na weusi wa moshi wa miaka hamsini, umeufuta kwa dakika kumi.

Siyo lazima kila kitu ukimiliki, hilo nilijifunza Rungwe. Nilienda msibani upande wa mume wangu, karibu na Tukuyu, tukamaliza mazishi tukakaa siku mbili tatu. Jikoni kwa mzee mmoja, huyo namwita baba mkwe kwa ukoo, nikaona kuku anatagia kwenye kitu cha duara cha bati, kina rangi ya bluu iliyofifia. Nikasema hiki si chungu wala siyo ndoo. Nikamsalimia kuku nikamtoa taratibu, kumbe ni redio. Ni ile Saucepan Special! Kwa wasioijua, mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ndo Zambia ya leo, walitaka redio ya betri kavu ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuinunua, kampuni ya Ever Ready ikatengeneza moja, na gamba lake likatengenezwa kama sufuria kweli, ndo jina likatoka hapo. Iliuzwa pauni tano na betri yake mbali. Kituo cha matangazo kilikuwa Lusaka. Na vijana wengi wa Kinyakyusa wakati ule walikuwa wanaenda migodini kule Copperbelt, wanarudi na masanduku, mablanketi, baiskeli, na wachache wanarudi na redio.

Baba mkwe akaniambia ni ya baba yake, alikuja nayo kutoka Kitwe, huko huko migodini, kaipakata magotini njia nzima, hakutaka iwekwe juu ya lori na mizigo mingine. Alikuwa anaiweka dirishani inatazama nje ili majirani wakae uwanjani wasikilize, kwa sababu ndani wasingeenea. Betri ikikaribia kwisha anaizima mpaka saa ya taarifa ya habari, na watu wanakuja saa hiyo hiyo wala hawaambiwi. Anasema usiku wa Uhuru, Desemba 1961, yeye alikuwa mtoto akalala kabla ya saa sita, baba yake akamwamsha akamweka karibu na ile redio akamwambia sikiliza, utakuja kuulizwa. Akanitazama akasema, na kweli leo nimeulizwa.

Aliniambia kama naitaka nichukue. Nikamwambia hapana baba, hii ni ya hapa. Tulitoa majani na mayai, tukaifuta, wajukuu wakaipeleka sebuleni juu ya kabati, kuku akatafutiwa kikapu. Nikaandika yote aliyonieleza kwenye daftari, nikampigia picha ameishika. Katika vyote nilivyo navyo nyumbani, lile daftari na ile picha ndo navipenda kupita vyote, na redio yenyewe sina.

Njia ya kurudi nilipitia Matema, ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu. Akina mama wa Kikisi wanatoka Ikombe na vyungu kwenye mitumbwi, wanavipanga pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nilinunua kipya kimoja, nikamuuliza mama aliyeniuzia kama ana cha mama yake nyumbani, akacheka akasema kipo, kinapikia maharage kila siku. Nikasema Mungu akubariki, hicho usimuuzie mtu. Ndivyo ilivyo hata kwa vikapu vyetu vya milulu hapa Iringa, vile vya zamani vilivyosukwa vimekazwa kiasi kwamba pombe haipiti, vizuri viendelee kutumika. Kitu kinachotumika kina walinzi wengi.

Nigusie mambo mawili upesi. Wapo majirani wanaoniambia vitu vya marehemu vinaleta mikosi. Sibishani nao. Ninachofanya ni kwamba sinunui kitu cha marehemu kwa mtoto au kijana peke yake, naomba mkubwa wa ukoo awepo akubali, na kama wanataka kuongea na wazee wao kwanza nasubiri nje. La pili, kuna kijana aliniletea jiwe la kale lililochongwa kama shoka, kaliokota Isimila, kile kituo cha mambo ya kale kama kilometa 20 ukielekea Mbeya. Nilikataa na nikamwambia alirudishe kwa wahusika wa kituo. Vitu vya watu wa kale siyo vya kukusanya nyumbani, tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na yenyewe inalinda vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Isimila yenyewe ilijulikana 1951 kwa sababu msafiri mmoja mwanafunzi aliona yale mawe, wataalamu wakaja kuchimba 1957. Kila jiwe likibaki pale lilipolala ndo linasema, likija kabatini kwangu limenyamaza. Pasi ya bibi ni kinyume chake, ikienda kwenye guta ndo inanyamaza.

Ombi langu kwako Mhariri. Naomba gazeti litenge nafasi ndogo hata mara moja kwa mwezi, msomaji alete picha ya kitu kimoja cha zamani cha kwao na maneno machache, kilikuwa cha nani, kilifanya kazi gani, kilifikaje. Hata kwa wale wanaosafisha nyumba za wazazi, hamjalazimishwa kubaki na kitu, wengine mnaishi chumba kimoja Dar mtakiweka wapi, lakini kabla guta halijasimama muulizeni shangazi aliyebaki, andikeni karatasi, ibandikeni kwa uzi kwenye mshikio, halafu ndo muuze. Atakayenunua atawashukuru. Na mkipita Iringa mjini ingieni Boma, lile jengo la Mjerumani lililofunguliwa kama makumbusho 2016, muone vitu vya kawaida vya jikoni vinavyopendeza vikiwekwa na maelezo yake.

Na kama kuna msomaji wa Mtwivila anayemfahamu mama aliyekuwa na cherehani nyeusi ya Singer, ya kichwa tu bila meza, amefariki karibuni na watoto wake wametoka mbali, naomba aniandikie kupitia gazeti hili. Kwenye kile kijinafasi cha bobini nilikuta uzi umebaki kama nusu, wa rangi ya zambarau. Nataka kujua alikuwa anamshonea nani.

Wako,
Mama wa vitu vya zamani,
Kihesa, Iringa